WhatsApp, jedwali au mfumo kamili? Kuchagua chombo cha kuratibu watu wa kujitolea wakati wa maafa

Maafa yakitokea, watu wa kujitolea hawakosekani. Wanakuja na majembe, na mashua, na magari yao, wengine wamelowa tayari. Anayekosekana ni yule anayejua nani ametumwa wapi. Ndipo mtaa mmoja unafikiwa na mashua tatu, wa pili unasubiri mpaka giza linaingia, na simu za mitaa yote miwili ziliingia saa ile ile.

Kila anayejikuta akiratibu huishia kuuliza: tutumie programu gani? Mimi naona kuna swali linalotangulia. Mtu yeyote aliye zamu akiulizwa "kazi hii kaichukua nani, na imefikia wapi?", ataweza kujibu bila kupiga simu tano? Chombo kinachompa jibu hilo kinafaa hata kikiwa daftari. Kisichompa hakifai, hata kikiwa na ramani yenye rangi zote.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitachukua ujumbe mmoja wa kubuni na kuupitisha kwenye kila chombo:

"Tuko sita nyuma ya shule ya msingi, maji yamefika dirishani, bibi hawezi kutembea."

Kundi la WhatsApp

Faida yake haina ubishi: limo tayari kwenye simu za watu. Hakuna wa kufundishwa. Unatuma kiungo, na kabla hujamaliza chai una watu mia. Kwa kuita watu, kutuma picha ya daraja lililokatika, au kumrushia dereva maelekezo ya sauti, sioni kinacholishinda.

Sasa tuma ule ujumbe humo. Umeingia saa 8:14 mchana. Saa 8:15 mtu ameandika "Mungu awasaidie". Mwingine anauliza "shule ipi?" Wa tatu anatuma video ya mafuriko ambayo si ya leo wala si ya hapa. Mmoja ameandika "naenda", lakini juu yake kulikuwa na maombi mawili na hakusema anaitikia lipi. Saa 8:40 mwenye mashua anafungua simu, anakuta meseji 97 hajazisoma, anapitia tano za mwisho, kisha anauliza kwa nia njema kabisa: "Kuna anayehitaji mashua?" Bibi yuko huko juu. Hakuna aliyemfuta, hakuna aliyemwona.

Kuna na upande wa pili ambao watu huusahau. Familia ikishaokolewa, ujumbe wao hauokolewi. Utasambazwa makundi mengine jioni, na kesho yake, na mashua ya watu wasiojua lolote itaenda nyuma ya shule kutafuta watu walioondoka jana.

Wanakundi hawana kosa. Gumzo hupanga mambo kwa saa yalipoandikwa, na uratibu unataka mambo yapangwe kwa hali yake: imepokelewa, imechukuliwa, imekamilika. Msimamizi mkali atapunguza kelele, hataweza kuibadilisha WhatsApp iwe kitu kingine. Anachoweza kufanya ni kulifunga kundi kubwa ili wasimamizi peke yao waandike, liwe la matangazo, na kuelekeza maombi yote ya msaada kwenye namba moja. Kisha kila timu iwe na kundi lake dogo, watu wanane au kumi. Ule mpangilio wa WhatsApp uitwao Jumuiya, unaoweka makundi mengi chini ya tangazo moja, unafaa sana hapa.

Watu hupenda kulinganisha ukubwa. Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024. Programu nyingine za gumzo nazo zina zake: Signal ni 1,000. Telegram inafika 200,000, na mgeni anaweza kuona yaliyoandikwa kabla hajajiunga, jambo ambalo kweli lina maana. Lakini kundi ambalo watu mia wanaandika kwa pamoja limeshazidiwa, kwa hiyo tarakimu hizo zisikuamulie. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi ndani ya WhatsApp ina mtego wake: humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Wale walioandika majina yao jana kwenye karatasi pale mlangoni hawatapata kitu, na wewe utadhani wamekuchunia.

Mitandao ya kijamii ya wazi ina sifa ile ile kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la Septemba huko Christchurch, New Zealand, mwanafunzi Sam Johnson aliwaita wenzake kwa Facebook waje kuzoa tope lililotapakaa mitaani, na baada ya tetemeko la Februari 2011 wanafunzi hao wakaja kwa maelfu. Kuita kulifanywa na Facebook. Kuwagawa kwa vikosi na mitaa kulihitaji viongozi na utaratibu wa kando.

Fomu na jedwali la pamoja

Hapa ndipo ningemshauri mratibu wa kawaida aweke nguvu zake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jedwali la mtandaoni, kama Google Sheets, linampa kila ombi mstari wake. Ujumbe wetu unakuwa namba 41. Saa ya kupokelewa: 8:14. Watu: 6. Hitaji: mashua na machela. Simu ya mtoa taarifa. Mahali... na hapo mpokeaji anakwama, kwa sababu kisanduku kimebaki wazi na kinamkodolea macho. Inabidi apige simu kuuliza "shule ipi?", mara moja tu, na jibu linakaa pale pale kwa ajili ya wote. Hali: imepokelewa. Saa 8:22 Timu ya 3 inaandikwa kwenye mstari huo na hali inageuka kuwa imechukuliwa. Mwenye mashua wa saa 8:40 hasomi meseji 97. Anampigia mratibu, mratibu anachuja mistari ambayo bado haijachukuliwa, anampa namba 44.

Ile safuwima ya hali ndiyo roho ya jedwali. Ya pili kwa umuhimu ni "saa ya taarifa ya mwisho". Kazi iliyochukuliwa saa 8:22 na haijaguswa mpaka saa 10 ina tatizo: ama timu imesahau kutoa taarifa, ama timu yenyewe sasa inahitaji kuokolewa. Hilo la pili ndilo linalofanya nisione mzaha kwenye safuwima hii.

Udhaifu upo. Jedwali kwenye skrini ya simu ni mateso, hasa kwa mikono yenye maji. Mtu mmoja akipanga upya safuwima ya majina peke yake, majina yanahama na kuziacha namba za simu palepale, na ghafla unampigia mtu usiyemkusudia. Historia ya mabadiliko inaweza kukurudisha nyuma, ukigundua mapema. Tena jedwali la Google likifunguliwa kwenye vifaa zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, baadhi ya watu hawataweza tena kuandika. Ukifika huko, tatizo lako ni kwamba umegawa kiungo kwa kila mtu.

Dawa yake ni kuwanyima watu wa uwanjani ruhusa ya kuandika. Wawili au watatu wakae mezani na kompyuta, wao ndio waandike. Walioko mashuani watumie sauti: simu, au ujumbe wa sauti kwenye kundi lao dogo. Wapo wanaoona huo ni urasimu. Kwangu ni heri mtu mmoja aliyekaa pakavu akiandika kuliko watu arobaini wakibonyeza kwa vidole gumba huku boti inayumba.

Upande wa kusajili wanaojitolea, fomu fupi inatosha: jina, simu, uko wapi sasa, unaweza kufanya nini, una usafiri gani, unapatikana kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Fomu inayomuuliza kiwango cha elimu mtu aliyekuja kuzoa tope itaachwa njiani. Saa za kupatikana usizirukie: bila hizo utajikuta na watu mia mbili asubuhi na watu wanne usiku.

Tofautisha fomu hizi na KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa uwanjani, ambayo ilianzia Harvard Humanitarian Initiative na kujengwa juu ya ODK, programu nyingine ya kukusanya taarifa, kazi ya Chuo Kikuu cha Washington. Uzuri wake ni kwamba programu yake ya simu inajaza fomu bila intaneti, inachukua mahali kwa GPS, inahifadhi, na kutuma mtandao ukirudi. Fomu ya Google haina uwezo huo. Lakini Kobo imetengenezwa kwa tathmini. Taarifa zinatoka uwanjani kwenda ofisini. Haikutengenezwa ili imwambie Timu ya 3 igeuke irudi. Itumie siku ya pili na ya tatu, mnapopita nyumba kwa nyumba kuhesabu mapaa yaliyong'oka na visima vilivyoingiwa na maji machafu. Ule ujumbe wetu wa saa 8:14 haufai kuwekwa humo kabisa.

Meseji ya kawaida

SMS hudharauliwa mpaka siku mtandao unapoelemewa. Meseji haihitaji bando wala simujanja, kitochi kinatosha. Na mtandao ukizidiwa kiasi kwamba simu hazipiti, meseji ina subira: inapokelewa, inawekwa, inajaribiwa tena simu ya mlengwa ikipatikana.

Ujumbe wetu una herufi 82, nafasi na nukta zikiwemo. Meseji moja hubeba 160, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha kuongeza jina la shule. Angalizo dogo: ukiweka emoji hata moja, ukomo unashuka hadi 70 na ujumbe unagawanyika vipande viwili. Waambie watu wako waache mikono iliyokunjwa na machozi kwa siku nyingine.

Mfano unaotajwa sana ni Haiti. Baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, wananchi waliweza kutuma meseji bure kwenda namba 4636. Watu wa kujitolea walioko nje ya nchi, wengi wao Wahaiti wenyewe, walizisoma kwa Kikrioli, wakazitafsiri kwa Kiingereza na kutafuta mahali palipotajwa, ili waokoaji wa kigeni wazielewe. Wasimuliaji wengi huisifu ile namba fupi. Mimi naona uzito uko kwa wale waliokaa usiku wakisoma. Meseji ni mlango tu. Nyuma yake lazima kuwe na mtu na jedwali.

Kwa kuwaita waliojiandikisha, meseji za pamoja zinazotaka jibu la tarakimu moja ("jibu 1 kama unaweza kuja leo saa 10, jibu 2 kama huwezi") hufanya kazi vizuri. RapidPro, mfumo uliokuzwa na UNICEF, unaweza kuendesha mazungumzo ya namna hiyo wenyewe. Ila hutakiwi kuanza kutafuta kampuni ya kutuma meseji siku ya mafuriko. Usajili wa jina la mtumaji au namba fupi una taratibu zake kwa mitandao ya simu, na taratibu hizo hazijui kwamba mto umefurika. Kila meseji pia inalipiwa, basi andika ukomo wa matumizi mapema.

Ramani na mifumo kamili

Ushahidi, mfumo wa ripoti na ramani, ilitengenezwa na Wakenya mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, ili wananchi waripoti matukio na yaonekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti, safari hii ikiendeshwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani. Sahana, mfumo wa kusimamia maafa, ilizaliwa Sri Lanka baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ikaandikwa na wataalamu wa kompyuta waliojitolea: waliopotea, kambi, mashirika, misaada, kila kimoja na sehemu yake.

Ujumbe wetu kwenye ramani unakuwa nukta. Ukiziona nukta thelathini zimejazana kando ya mto unaelewa mara moja kitu ambacho jedwali lingekuchukua nusu saa: kwamba mashua ziwekwe upande ule. Hiyo ndiyo nguvu ya ramani. Ila nukta inasema wapi, haisemi nani. Usipoiambatanisha na hali na jina la timu, una picha nzuri ya matatizo yako.

Kuna mifumo iliyolielewa hili vizuri. Crisis Cleanup, iliyoanza Marekani mwaka 2012, inaorodhesha nyumba zinazohitaji kusafishwa baada ya dhoruba, na shirika linalotaka kazi linaichukua kwa jina lake mbele ya mashirika mengine yote. Mradi wa maafa wa OpenStreetMap (ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), uitwao HOT, unafanya vivyo hivyo na watu ambao hawajawahi kufika eneo husika: ramani inakatwa miraba, ukichukua mraba unafungwa ili mwingine asiurudie, ukimaliza mtu wa pili anaukagua. Hata kama hutatumia programu zao, iga utaratibu wao wa kuchukua, kufunga na kukaguliwa.

Gharama ya mifumo kamili iko kwenye watu kuliko kwenye fedha. Mingi ni huria. Lakini inataka seva au akaunti iliyotayarishwa, mtu wa kiufundi anayepokea simu usiku, na watumiaji waliowahi kuigusa kabla. Sri Lanka waliweza kuanza baada ya maafa kwa sababu waliojitolea walikuwa waandishi wa programu wenyewe. Kundi lenu likiwa la madereva, wauguzi na vijana wa mtaa, mfumo mpya siku ya kwanza utakula muda wa kuokoa watu.

Mnara ukianguka

Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, takribani asilimia 95 ya minara ya simu ilizimika. Hapo WhatsApp, jedwali na ramani vinakuwa sawa: vyote havifai kitu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba waendesha redio wa ridhaa 50 wapelekwe kisiwani kusaidia kupitisha taarifa.

Wiki chache kabla, wakati wa kimbunga Harvey huko Texas, waokoaji wa kujitolea wenye boti walikuwa wameipa sifa kubwa Zello, programu inayoigeuza simu kuwa kama redio ya upepo. Habari zikaenea kwamba inafanya kazi bila mtandao. Florida walipokuwa wakisubiri kimbunga Irma, watu wengi waliipakua kwa imani hiyo, na kampuni yenyewe ikabidi itoe ufafanuzi kwamba inahitaji intaneti. Kabla ya kupitisha chombo chochote, kizime data kwa mkono wako ujionee.

Redio za mkononi hazina umri wala fasheni. Mtu mmoja akisema, kikosi kizima kinasikia, hakuna wa kuongezwa kwenye kundi. Masafa yake ni mafupi bila kirudishi (kifaa kinachopokea sauti na kuirusha tena mbali) kwenye kilima, milima na majengo huzikata, na nchi nyingi zinadai leseni. Na redio haina kumbukumbu hata kidogo, kwa hiyo aliye mezani lazima aandike kila anachosikia.

Majina na namba za watu

Jedwali la waathirika ni orodha ya nyumba zisizo na watu. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo. Kundi la WhatsApp la kawaida huonyesha namba ya kila mwanachama kwa kila mwanachama. Kwa mama aliyekimbia na watoto hilo linaweza kumletea shida nyingine juu ya shida. Kiungo cha "yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri" ni rahisi kusambaa kuliko uvumi. Ramani ya hadharani ionyeshe eneo, isionyeshe mlango. Kazi ikiisha, mtu mwenye jina apewe jukumu la kufunga viungo na kufuta kisichohitajika kwenye ripoti.

Basi uchague nini?

Mko chini ya thelathini, mnafahamiana, kazi ni ya siku moja mbili: kundi la WhatsApp na daftari moja lenye namba za kazi. Usijitafutie makubwa.

Mko mia na zaidi, wengi hamjuani, maombi yanaingia kwa njia nyingi: namba moja ya kupokea, jedwali lenye safuwima ya hali, waandishi watatu kwa zamu, kundi dogo kwa kila timu. Meseji iwe tayari kwa wasio na bando. Hapa ndipo wengi mpo, na hapa ndipo ningesimama hata mtu akiniletea mfumo wa bei ghali bure.

Mashirika kadhaa yanagawana eneo kwa wiki kadhaa: sasa mfumo kamili unalipa, kwa sharti kwamba mmoja wenu ameshautumia. Tathmini ya nyumba kwa nyumba ipelekwe Kobo.

Eneo ambalo minara huanguka kila msimu: anza na redio na karatasi, halafu juu yake ndiyo uweke kompyuta. Chapisha jedwali tupu lenye safuwima zile zile, ili mtandao ukirudi kunakiliwe bila kufikiri.

Kama bado huna uhakika kati ya viwili, fanya zoezi. Andika maombi kumi ya uongo, yape timu tatu, mengine yaingie kwa meseji, mengine kwa simu, mawili yawe tukio lile lile limeripotiwa na watu tofauti. Baada ya saa moja muulize aliye mezani kila ombi liko wapi. Na katikati ya zoezi, bila kumwambia, zima data kwenye kompyuta yake.